Mizani imegoma, sukari imeshuka: homoni za misuli zina mkono hapa?

Mshonaji47 ameuliza:

Habari zenu ndugu. Naomba mnisomee hadi mwisho, maana swali langu lina mapande mawili na la pili linaninyima usingizi.

Mimi ni mshonaji wa nguo, miaka 47, urefu sentimita 158. Siku naanza mazoezi nilikuwa na kilo 94. Kisukari aina ya pili niliambiwa ninacho miaka mitatu iliyopita. Natumia metformini miligramu 500 mara mbili kwa siku, na dozi hiyo haijaguswa mwaka mzima sasa. HbA1c yangu, kile kipimo cha wastani wa sukari ya muda mrefu, ilikuwa haitoki kwenye asilimia 7.4. Kila nikienda kliniki naambiwa neno lile lile: punguza kula. Nikipunguza, zinaondoka kilo tatu, zinarudi nne.

Wiki 12 zilizopita niliacha kugombana na sahani nikahamia kwenye miguu. Natembea dakika 15 baada ya chakula cha mchana, na 15 nyingine baada ya cha jioni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nafanya mazoezi ya nguvu: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara 12, kwa seti tatu, kusukuma ukuta, kisha kuvuta mpira wa mazoezi nilioufunga kwenye kitasa cha mlango. Yote nayaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, ili nisijidanganye.

Juzi nimerudia vipimo. HbA1c 6.7. Sukari ya asubuhi kabla ya kula (hii naipima kidoleni kwa mashine ya nyumbani, kwa milimoli kwa lita), ambayo ilikuwa inacheza kwenye 8.1, sasa siku nyingi iko 6.8 au 6.9. Nikafurahi, nikapanda mizani. Kilo 93.4! Wiki 12 za jasho, gramu 600. Kiuno kimetoka sentimita 113 hadi 107, na kupima kiuno ndiyo kazi yangu, futi siilegezi wala siikazi.

Kwa hiyo swali la kwanza: sukari inashukaje wakati uzito haujashuka? Mimi nilifundishwa kwamba unene ndio unaoleta sukari, basi unene usipoondoka sukari itabaki. Mteja wangu mmoja akaniambia misuli inatoa homoni zake yenyewe, na kwamba moja inaitwa irisini. Siku mbili baadaye mtu mwingine akaniletea vidonge, akasema ni hiyo hiyo irisini, nikimeza sihitaji tena kujitesa na mpira. Sijanunua. Lakini nimejiuliza.

Swali la pili. Jumamosi iliyopita nilijisikia nina nguvu nikapanda ngazi za jengo letu ghorofa nne kwa kasi, mara tano, hadi moyo ukanipiga masikioni. Kabla ya kuanza nilijipima: 7.4. Nilipomaliza tu nikajipima tena: 9.6. Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Mama yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huu, na mimi ndiye niliyekuwa namfunga vidonda. Nikaona labda mazoezi yananiua badala ya kuniponya. Nilipopima tena baada ya saa mbili ilikuwa 6.6. Nani atanifafanulia hili kwa lugha ya kueleweka?

Muuguzi_wa_Zamu amejibu:

Pole dada, na hongera. Kutoka 7.4 hadi 6.7 bila kuongeza dawa ni kazi kubwa, naomba usiipime kwa mizani.

Nianze na lile la ngazi kwa sababu ndilo lililokuliza. Kwanza, ulinawa mikono kabla ya kujitoboa kidole mara ya pili? Nauliza kwa sababu mabaki ya kitu kitamu kwenye ncha ya kidole hupandisha namba, na mtu aliyetoka kuhema hana subira ya kwenda kwenye sabuni. Pia mashine za nyumbani, hata zile nzuri, zinaruhusiwa kupotoka kama asilimia 15 hivi. Kwa hiyo 7.4 na 7.9 kwangu ni kitu kimoja. Lakini 7.4 hadi 9.6 ni tofauti ya kweli, na ina maelezo.

Ukikimbia ngazi hadi moyo ukapiga masikioni, mwili unamwaga adrenalini. Adrenalini inaliamuru ini litoe glukosi liliyoiweka akiba, kwa haraka, ili miguu ipate cha kuchoma. Ini linatoa kwa wingi kuliko misuli inavyoweza kupokea katika dakika zile chache, na ziada inaonekana kwenye damu. Ukisimama, ini linatulia, misuli inaendelea kufyonza. Ndiyo maana baada ya saa mbili ulikuta 6.6, chini ya pale ulipoanzia. Kupanda huko kwa muda mfupi hakukati mtu mguu. Kinachoharibu mishipa na neva ni sukari iliyokaa juu miezi na miaka, na hiyo ndiyo HbA1c inayoisoma, kwa sababu inaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu.

Sasa la usalama, na hapa sitanii. Kwa metformini peke yake, ni nadra mazoezi kukushusha hadi ukaanguka. Anayetumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamidi na gliklazidi, hesabu yake ni nyingine: ajipime kabla ya kuanza, na akikuta chini ya 5.0 ale kitu chenye wanga kwanza. Sukari ikishuka chini ya 3.9, akitetemeka na kutoka jasho la baridi, asimame hapo hapo, anywe au ale gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka, apime tena baada ya dakika 15. Wengine wanaosoma hapa wasiige ngazi zako bila kujua wanatumia dawa gani.

Na wewe mwenyewe, kwa historia ya mama: kila jioni kagua nyayo, katikati ya vidole hasa. Viatu vya kutembelea viwe vya kufunika, soksi zisiwe na mshono unaokwaruza. Mishono unaijua kuliko mimi. Macho yapimwe kabla hujaanza kunyanyua vitu vizito, maana mishipa ya jicho ikiwa tayari imedhoofika, kukaza pumzi huku unanyanyua kunaweza kuivujisha. Na ukisikia maumivu ya kifua yanayokuja na kazi na kuondoka ukipumzika, siku hiyo usiendelee, nenda ukaonwe.

Hayo ya homoni nawaachia wenye kuyasoma.

MwalimuWaSeli amejibu:

Dada Mshonaji, mimi nafundisha fiziolojia, na nimesoma ujumbe wako mara mbili kwa furaha kwa sababu daftari lako limeonyesha jambo ambalo huwa napata taabu kuwaaminisha wanafunzi. Mwaka 2001 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya pamoja majaribio 14 ya mazoezi kwa watu wenye kisukari aina ya pili. Waliofanya mazoezi walimaliza wakiwa na HbA1c ya chini kuliko wenzao kwa takriban 0.66, ilhali uzito wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa maana. Wewe umeshuka 0.7. Hujafanya muujiza wala hujakosea vipimo. Mwili wako umefanya kile ambacho misuli hufanya.

Sababu ya kwanza haihusu homoni za misuli kabisa. Naiweka mbele kwa makusudi, kwa sababu wauza vidonge huiruka.

Baada ya kula, sehemu kubwa kabisa ya glukosi ambayo insulini inaiondoa kwenye damu huingia kwenye misuli ya mifupa. Ili iingie, seli ya msuli inapaswa kupandisha juu ya ukuta wake kisafirishi kiitwacho GLUT4, ambacho wakati wa mapumziko kimekaa ndani. Insulini ndiyo inayokiita. Kwa mtu mwenye unene uliopitiliza na ukinzani wa insulini, mgeni yuko mlangoni anapiga hodi, anapiga tena, na mwenyeji hasikii; kongosho linatuma wageni wengi zaidi, kelele inaongezeka, mlango haufunguki. Sasa, msuli unapojikunja kufanya kazi, GLUT4 hupanda kwa njia nyingine isiyopitia kwa insulini. Ni kama mwenyeji mwenyewe kaamka kafungua bila kusubiri hodi. Na njia hii ya pili, kwa watu wenye kisukari aina ya pili, kwa sehemu kubwa bado ni nzima. Dakika zako 15 baada ya chakula zinafungua mlango saa ile ile ambayo glukosi inafika. Uzito hauna haja ya kushuka hata gramu ili hilo litokee.

Kisha kuna deni la baada ya kazi. Msuli huweka akiba ya glukosi kama glikojeni, kwa mtu mzima gramu mia tatu au nne hivi kwa jumla, na akiba hiyo haiwezi kurudi kwenye damu. Inachomwa humo humo ilimo. Ukiipunguza kwa kuinuka kwenye kiti mara 36, msuli utaidai irudishwe, na kwa siku moja hadi tatu hivi utaisikia insulini vizuri kuliko kawaida. Hapo ndipo inatoka nasaha ya kutopitisha siku mbili mfululizo bila mazoezi. Ratiba yako ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, pamoja na kutembea kila siku, inalala vizuri juu ya hilo.

Sasa homoni. Mteja wako hakusema uongo. Mwaka 2000 watafiti wa Copenhagen, katika kundi la Bente Klarlund Pedersen, waliwaweka wanaume sita wafanye kazi kwa goti la mguu mmoja tu kwa saa tano, mguu mwingine umetulia, huku wakipima damu inayoingia na inayotoka kwenye miguu yote miwili. Mguu uliofanya kazi ulikuwa unamwaga intaleukini-6 kwenye damu. Uliotulia haukumwaga. Ukilitafakari jaribio hilo, ni safi sana: mtu yule yule, damu ile ile, mguu mmoja unasema na mwingine uko kimya. Miaka michache baadaye kundi hilo likapendekeza jina la pamoja la kemikali ambazo msuli hutuma kwenye viungo vingine, maiokaini.

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, na mimi mwenyewe nilichanganyikiwa miaka mingi, kwa sababu intaleukini-6 inajulikana kama kemikali ya uvimbe. Mafuta ya ndani ya tumbo nayo huichangia kwenye damu, na kwa watu wanene huwa juu kidogo mchana na usiku. Iweje kitu kimoja kiwe kibaya kikitoka tumboni na kizuri kikitoka pajani? Jibu ninaloliamini ni namna kinavyotoka. La mgambo likilia kuna jambo: linalia mara moja, kwa nguvu, kisha linanyamaza, na kila mtu anajua la kufanya. Mazoezi marefu makali yanaweza kuipandisha intaleukini-6 hadi mara 100 ya kawaida, na ndani ya saa chache baada ya kumaliza inarudi ilikokuwa. Wito huo unayaambia mafuta yaachie akiba yake, na hauji pamoja na kemikali nyingine za uvimbe kama ile iitwayo TNF-alfa. Ya tumboni haikomi kulia, na imezungukwa na hizo nyingine. Ule si wito tena.

Na lipo jaribio la mwaka 2019, nalo la Denmark, linalokugusa moja kwa moja wewe na futi yako. Watu wazima wenye unene wa tumbo waliendesha baiskeli ya mazoezi kwa wiki 12. Baadhi walipewa tosilizumabu, dawa inayozuia intaleukini-6 isisikike. Wengine walipewa maji ya chumvi tu. Waliofanya mazoezi bila kuzuiwa walipunguza mafuta ya ndani ya tumbo. Waliofanya mazoezi yale yale huku wito umezibwa masikio hawakuyapunguza. Kwa hiyo sentimita zako sita za kiuno zina uwezekano mkubwa wa kuwa mafuta ya ndani, yale mabaya kwa ini na kwa insulini, na mizani haiwezi kukuonyesha hilo, hasa ikiwa mapaja yako yamejaza msuli upande wa pili.

Irisini je? Iligunduliwa kwenye maabara ya Bruce Spiegelman, Harvard, ikatangazwa mwaka 2012, ikapewa jina la Iris, mjumbe wa miungu katika visa vya Wagiriki. Kwa panya ilionekana kuyageuza mafuta meupe yafanane na yale ya kahawia yanayochoma nguvu kutoa joto. Dunia ikasisimka. Kisha ukaja ubishi, kwa sababu vipimo vingi vya mwanzo vya damu vilikuwa vinakamata vitu vingine na kuviita irisini. Mwaka 2015 kundi hilo la Harvard liliipima kwa njia ya kupima uzito wa molekuli, likaonyesha kwamba binadamu wanayo: kama nanogramu 3.6 kwa mililita kwa wasiofanya mazoezi, na 4.3 kwa waliofanya. Ipo, inaongezeka, lakini tofauti ni ndogo, na kazi yake kwa sukari ya binadamu bado inachunguzwa.

Kuhusu vidonge: irisini ni protini. Protini ukiimeza kwenye kidonge cha kawaida, tumbo na utumbo huikatakata kama chakula kingine chochote. Ndiyo sababu insulini, iliyogunduliwa Toronto mwaka 1921, wagonjwa wanaichoma sindano mpaka leo, karne nzima baadaye. Hakuna dawa ya irisini iliyoidhinishwa kutibu kisukari. Ulichofuatwa nacho sijui kina nini ndani, na kwa mtu anayetumia metformini, kidonge kisichojulikana kilichomo ni hatari, nakuomba usikiguse.

Nimeandika mengi. Swali moja: cherehani yako ni ya kukanyaga au ya umeme?

Mshonaji47 amejibu:

Mwalimu, nimesoma polepole, nikarudia pale pa hodi mara tatu. Asante sana. Nesi, asante pia; mikono sikunawa, nimekumbuka vizuri, nilikuwa nimeshika chungwa dakika chache kabla. Nyayo nimezikagua jana na leo, ziko salama.

Cherehani ni ya umeme. Ya kukanyaga niliiacha miaka sita iliyopita, magoti yalikuwa yananiuma na kazi zilikuwa nyingi. Nakaa kama saa tisa kwa siku. Kusema kweli, nikipiga hesabu, kisukari kimekuja baada ya kubadilisha mashine, lakini katika miaka hiyo hiyo nilifikisha umri, nikafiwa, nikanenepa. Siwezi kusema ni mashine. Kwa nini umeuliza?

MwalimuWaSeli amejibu:

Nimeuliza kwa sababu ya kigimbi. Kukanyaga cherehani kunakifanyisha kazi ndogo isiyokoma, na uliponunua mota, kigimbi kikaenda likizo saa tisa kila siku. Umefanya vizuri kutosema ni mashine. Mambo yalikuja mengi kwa pamoja. Lakini saa tisa za kukaa zina uzito wake peke yake, hata kwa anayetembea jioni.

Mwaka 2012 watafiti wa Australia waliwaita watu 19 wenye uzito uliozidi au unene, wakawapa kinywaji cha lishe chenye glukosi, wakawakalisha saa tano. Siku nyingine wakawafanya vivyo hivyo, isipokuwa kila dakika 20 wanasimama kutembea dakika mbili. Sukari na insulini baada ya kinywaji zilikuwa chini waziwazi siku za kusimama. Na mwendo wa taratibu ulifanya kazi karibu sawa na wa kasi kiasi. Kwa hiyo weka pasi mbali na cherehani. Weka mkasi mkubwa mezani upande wa pili wa chumba. Kila ukimaliza mshono mrefu, inuka ukapige pasi, usikusanye vipande kumi ndipo unyanyuke.

Nuru_K amejibu:

Mshonaji, hivyo vidonge mimi nilimeza chupa mbili, mwaka juzi. Sukari haikushuka. Nilichopata ni kuacha kutembea kwa miezi miwili nikiamini vidonge vinatembea kwa niaba yangu, na HbA1c ikatoka 7.0 ikaenda 7.8. Dawa ya hospitali sikuiacha, namshukuru Mungu. Umefanya vyema kuuliza kabla.

BabaWatatu amejibu:

Ninaongeza la kwangu kwa sababu naona mizani inakusononesha, dada yangu, na mimi mizani ilinifurahisha ikaniumiza.

Nina miaka 55. Miaka minne iliyopita nilipunguza kula kwa hasira, mlo mmoja kwa siku, hakuna mazoezi. Miezi mitano, kilo 14. Kila mtu ananisifu, suruali zinaanguka. Sukari ilishuka, sikatai. Kupungua kunasaidia, na kwa mtu mnene ni jambo la kutafutwa. Lakini siku moja nilipiga magoti sakafuni kutafuta kitu chini ya kitanda, nikashindwa kuinuka bila kushika godoro. Mwanangu wa mwisho akanivuta mkono. Ndipo nilipojua kilo 14 hazikuwa mafuta matupu. Baadaye daktari alinieleza kwamba mtu akipungua kwa chakula peke yake, mara nyingi kama robo ya anachopoteza si mafuta, na ndani ya hiyo robo msuli umo. Nilipoanza kula kawaida, kilo tisa zilirudi, zikarudi tumboni. Mapajani hazikurudi.

Kwa hiyo nilikuwa nimelipunguza lile ghala lenyewe ambalo mwalimu anasema glukosi inaingia. Sukari ikarudi juu kuliko mwanzo ingawa nilikuwa mwepesi kuliko mwanzo. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawaambiwi.

Sasa nanyanyua vitu, mara tatu kwa wiki, mwaka wa pili huu. Nilianza kama wewe, kiti. Jambo moja nakusihi: mara 12 zikishakuwa rahisi, usibaki hapo. Shika chupa ya maji ya lita mbili kila mkono, au shuka polepole kwa kuhesabu hadi nne. Mimi nilikaa kwenye kiti kile kile miezi minane bila kuongeza chochote na mwili ukaacha kujibu. Na wale wanaochoma hizi sindano mpya za kupunguza uzito, nawaomba nao wanyanyue, kwa maana kilo zinaondoka haraka na msuli hauagi.

Muuguzi_wa_Zamu amejibu:

BabaWatatu amesema kweli kuhusu kupungua. Wasomaji wasije wakaondoka hapa wakidhani uzito hauna maana. Ule mradi mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuwa na watu 3,234 waliokuwa karibu kuugua. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, asilimia 31. Chakula na mazoezi vilikwenda pamoja. Dada, kwa kilo 94, asilimia 7 ni kama sita na nusu. Usizikimbilie kwa kushinda njaa. Ongeza protini kwenye kila mlo, punguza vinywaji vitamu, endelea na mpira wako.

Mshonaji47 amejibu:

Nimerudi baada ya siku tisa.

Vidonge nimevirudisha kwa aliyeviacha kwangu. Alikasirika kidogo. Nikamwambia protini ikimezwa inakatwa tumboni, akaninyamazia.

Pasi nimeihamisha. Iko upande wa dirisha, hatua 11 kutoka kwenye cherehani, nimezihesabu. Jana nimeinuka mara 26. Ile cherehani ya zamani ya kukanyaga nimeitoa stoo, nimeisafisha na kuitia mafuta. Natumia kwa pindo na kazi nyepesi, kama saa moja asubuhi, magoti hayajalalamika.

Jumamosi nimerudia ngazi, makusudi, kwa sababu nilikuwa naziogopa. Kasi ya kati safari hii, ghorofa nne mara tatu, mikono nimenawa kwa sabuni kabla na baada. Kabla 7.2. Baada tu ya kumaliza 7.7. Nikaketi pale pale nilipolia siku ile, nikasubiri saa mbili huku napachika vifungo vya shati. 6.1. Sijawahi kuiona 6.1 mchana tangu niambiwe naumwa.

Nimebakiwa na swali moja kwa BabaWatatu: kuhesabu hadi nne ni wakati wa kushuka tu, au na kupanda pia?

BabaWatatu amejibu:

Kushuka tu, dada. Kupanda panda kwa nguvu zako zote, huku unatoa pumzi.